Siku Moja Msituni Gombe

Katika vikao vya kisomo hapa Kitahana wengi wenu mmetuuliza swali hili: "Kuna faida gani mtu kulipa pesa ili atembee porini kwa miguu? Sisi si tunatembea porini kila siku, tena bure?" Mzee mmoja aliliuliza huku anacheka. Alisema zamani alikuwa akienda kwa miguu toka Kibondo hadi Kasulu na debe la asali kichwani, na hakuna mtu aliyempa hata senti kwa kutembea.

Basi mwezi wa Novemba, tulipokwisha panda mahindi, tulichanga nauli tukaenda kutazama wenyewe. Tulikuwa watu wanane, yaani wanakisomo sita na sisi wawili wa elimu ya watu wazima. Mzee wa asali alikuwamo. Hatukutoka nje ya mkoa wetu wa Kigoma. Tulikwenda Gombe.

Gombe ni Hifadhi ya Taifa iliyoko kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma. Mwaka 1943 serikali ya kikoloni ilipafanya pori la akiba. Mwaka 1968 pakawa Hifadhi ya Taifa. Ni hifadhi ndogo. Milima yake imesimama kama ukuta toka ufukweni kwenda juu, na kati ya mlima na mlima kuna bonde lenye kijito. Hamna barabara ndani. Hamna gari. Anayetaka kuona kitu atumie miguu yake. Wanyama wanaowavuta wageni huko ni sokwe, nao ni karibu 100 tu.

Tulichagua Gombe kwa sababu nyingine pia. Upande wetu wa Kibondo tunalo Pori la Akiba la Moyowosi. Kule kuna nyati na simba, na sheria inakataza mtu kuingia bila kibali, hata kama anafuata mizinga yake ya nyuki. Sheria hiyo ni ile ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009. Katika hifadhi zenye nyati, tembo na simba, kama Katavi na Ruaha, wageni wanaotembea kwa miguu hufuatana na askari mwenye bunduki. Gombe hakuna simba wala tembo. Chui yuko, lakini ni nadra kumwona.

Tulipanda basi Kibondo, tukapita Kasulu, tukalala Kigoma mjini. Kesho yake tulikwenda Kibirizi, mahali zinapotoka mashua za injini zinazopeleka watu na mizigo vijiji vya kaskazini. Tulikaa juu ya magunia. Wenzetu wawili walikuwa hawajapanda chombo cha majini tangu kuzaliwa, nao walishika mbao za mashua kwa mikono miwili mpaka tulipofika Kasekela. Hapo ndipo penye ofisi ya hifadhi. Tukalala.

SWALI LA MWONGOZAJI

Asubuhi saa moja mwongozaji wetu alikuja. Alikuwa kijana wa vijiji vya ziwani, amevaa viatu vya mpira, ana panga na daftari dogo mfukoni. Alituamkia kwa heshima, "Shikamooni wazee wangu." Halafu akauliza, "Nani kati yenu ana mafua, au kikohozi, au anaharisha?"

Tulinyamaza wote. Na katika kimya kile mama mmoja akakohoa.

Mama huyu ni mwanakisomo hodari. Alianza kushika kalamu akiwa na wajukuu, na leo anasoma gazeti hili bila kusaidiwa. Mwongozaji akamwambia, "Mama, utanisamehe. Wewe hutaingia msituni leo."

"Mwanangu," akasema mama, "mimi nimetoka Kitahana. Nimeuza kuku watatu nifike hapa. Mafua tu ndiyo yanizuie? Kwetu mtu mwenye mafua analima."

"Najua, mama. Lakini sokwe hawana dawa ya mafua yako."

Akatueleza, nasi tunawaeleza ninyi kama tulivyosikia na kama tulivyosoma baadaye.

Mwili wa sokwe unafanana sana na mwili wa mtu. Kwa hiyo magonjwa mengi ya mtu humwingia sokwe. Lakini mwili wake haukuyazoea magonjwa yetu. Mafua ambayo kwako ni kupenga kamasi siku tatu, kwake yanaweza kuwa homa ya mapafu na kifo. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, ule wa polio, ulitokea kwa watu wa sehemu za Kigoma. Haukukawia, sokwe wa Gombe nao wakaanza kupooza. Mmoja mkono ulilegea, mwingine akawa anajikokota kwa makalio. Wengine walikufa. Watu waliokuwa wakiwachunguza waliagiza chanjo, wakaificha ndani ya ndizi ili sokwe wale. Baada ya hapo yametokea magonjwa ya kifua mara kadhaa, na baadhi ya sokwe wamekufa.

Zamani hizo watu waliwagawia sokwe ndizi ili wawakaribie. Siku hizi hilo limeachwa kabisa. Kuwalisha kuliwafanya wakusanyike mahali pamoja, wapigane, na waambukizane magonjwa. Sasa mgeni huvaa barakoa, hukaa umbali wa mita 10 au zaidi, na muda wake wa kukaa karibu nao ni saa moja. Hatemi mate. Hali chakula mbele yao. Akijisikia haja humwambia mwongozaji, naye huchimba shimo.

Mama alikaa juu ya jiwe ufukweni. Hakusema neno tena. Ndugu wasomaji, kosa hapa halikuwa la mama wala la mwongozaji. Lilikuwa letu sisi. Tuliandika barua, tukapanga nauli, tukakumbusha watu viatu na sweta, lakini jambo hili la ugonjwa hatukumwambia mtu hata mmoja kabla ya kuondoka Kitahana. Tungelisema, mama angelingoja apone, na kuku wake wasingeuzwa bure. Tunaliandika hapa mapema ili lisiwapate wengine.

KUSOMA BILA KITABU

Tuliobaki tulikuwa saba. Tuligawanywa vikundi viwili, kila kimoja na mwongozaji wake, maana watu wengi wakienda pamoja hufanya kelele. Tulipanga mstari mmoja, mwongozaji mbele. Alisema: msimpite, msikae nyuma peke yenu, msiguse mti bila kuutazama. Akiinua mkono, wote simameni. Hayo tu.

Mlima ulikuwa mkali. Mvua ilinyesha usiku, udongo ukateleza. Mzee wa asali alikata fimbo akatupita wote. Sisi walimu, wa kukaa ofisini, ndio tuliokuwa tunahema.

Kijana yule alitembea polepole, kila baada ya hatua chache anasimama. Kwanza tulidhani anatuhurumia. Kumbe alikuwa anasoma. Alituonyesha maganda ya matunda chini ya mti. Akayageuza kwa kijiti. Upande wa ndani ulikuwa bado mweupe na una maji. "Wamekula hapa asubuhi hii," akasema. Mbele kidogo kulikuwa na kokwa za mchikichi zimetafunwa, nyuzi zake zimetemwa kama mtu anavyotema makapi ya muwa. Kumbe sokwe nao hula mawese! Watu wa Kigoma tumecheka sana.

Kwenye tope la kijito alituonyesha alama za nyayo, na mbele ya nyayo alama nne ndogo za mviringo zimekaa mstari. Akauliza, "Hizi ni nini?" Mmoja wetu akasema vidole vya miguu. Mzee wa asali akainama, akakunja ngumi, akaiweka juu ya tope pembeni. Alama zikawa sawasawa. Sokwe akitembea chini hukunja vidole vya mikono na kukanyagia vifundo vyake. Kijana akamwambia, "Mzee, wewe kazi hii unaiweza."

Alituonyesha pia viota juu ya miti. Sokwe hulala juu. Kila jioni anakunja matawi, anayasuka, anayakanyaga, anapata kitanda. Kesho anatengeneza kingine. Majani yakiwa mabichi, kiota ni cha jana. Yakiwa ya kahawia, ni cha siku nyingi, usipoteze muda kutafuta hapo.

Huko ndiko kulipia mwongozaji. Mtu halipi kwa ajili ya miguu, miguu anayo. Analipia macho ya mtu aliyekaa na msitu ule miaka. Hata zamani mgeni hakupita nchi yetu bila mwenyeji. Mwaka 1871 Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone Ujiji, alipita Buha. Watemi wetu walimtoza hongo ya nguo mara baada ya mara, hata akaona mali itamwishia njiani. Mwishowe alitoroka usiku na wapagazi wake, akiongozwa na watu waliozijua njia za mwituni. Peke yake asingelifika. (Wenye hongo yao hatujui walisemaje asubuhi.)

KWENYE KICHUGUU

Kama saa nne tulisikia makelele kutoka bondeni. Sauti moja ilianza chini chini, hu, hu, hu, ikapanda, zikajibu nyingine, mpaka bonde lote likalia. Nywele zilitusimama. Mwongozaji aliinua mkono. Tukavaa barakoa.

Tuliwakuta wanne. Dume moja alilala chali, mguu mmoja juu ya goti la mwingine, kama mtu aliyetoka shamba. Lakini sisi macho yetu yalikuwa kwa jike mmoja na mtoto wake. Walikaa penye kichuguu. Jike alichuma unyasi, akautazama, akautupa. Akachuma mwingine. Huu aliupunguza kwa meno, kisha akakwangua tundu la kichuguu kwa kidole na kuuingiza taratibu. Akangoja. Akauvuta nje polepole, na juu yake mchwa wameng'ang'ania kwa meno. Akawapitisha mdomoni kama mtu anayekula punje za mtama. Akarudia. Akarudia tena. Unyasi ulipopinda aligeuza upande wa pili akautumia. Mtoto naye alishika kijiti kinene mno, kisichoingia tunduni, akahangaika nacho.

Mwezi wa Novemba ndio wakati wake, mvua zinapoanza na kumbikumbi wanajiandaa kuruka. Jambo hilo sisi Waha hatuhitaji kufundishwa.

Lakini jambo hili dogo lilibadili vitabu vya wataalamu. Tarehe 14 Julai 1960 msichana Mwingereza wa miaka 26, jina lake Jane Goodall, aliteremka ufukweni Gombe pamoja na mama yake. Wakubwa wa serikali ya wakati ule walikuwa wamekataa akae porini peke yake. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa amesomea kazi ya ukarani. Wenyeji ndio waliomwonyesha njia za msituni, na mmoja wao ni Rashidi Kikwale. Miezi minne baadaye, Novemba 1960, aliona sokwe akivua mchwa kama tulivyoona sisi, na hata akipukuchua majani ya kijiti ili kifae. Siku zile wataalamu walifundisha kwamba mtu peke yake ndiye anayetengeneza chombo cha kufanyia kazi. Yeye aliandika alichokiona, na baadaye chuo kikuu cha Cambridge kikampa shahada ya udaktari. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91.

Hayo yanajulikana dunia nzima. Yanayofuata hayajulikani sana, nayo yanatuhusu sisi wa kisomo.

Pale kwenye kichuguu tulikuta watu wawili wameketi kimya chini ya mti, kila mmoja na karatasi magotini. Hawakuwa wageni. Ni wenyeji wa vijiji vya jirani. Kazi yao ni kumfuata sokwe mmoja toka anapoamka kiotani alfajiri mpaka anapolala kiotani jioni. Mmoja anaandika anachofanya sokwe huyo. Mwingine, kila baada ya dakika 15, anaandika yuko wapi na yuko na nani. Wanaandika kwa Kiswahili! Ndiyo, ndugu wasomaji. Kumbukumbu za Gombe, ambazo wataalamu wa nchi za mbali wanazisoma baada ya kufasiriwa, zimeandikwa kwa miaka mingi kwa Kiswahili na watu wa mkoa huu, wengine wao wenye elimu ya msingi tu.

Hapo mwanzo kazi hiyo ilikuwa zaidi ya wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Usiku mmoja wa Mei 1975 watu wenye silaha, kama 40, walivuka ziwa toka Zaire wakateka wanafunzi wanne. Baadaye wote waliachiliwa, lakini wageni waliondoka Gombe. Ingelikuwa mahali pengine, madaftari yangefungwa. Hapa wenyeji waliendelea kupanda milima kila asubuhi na kuandika. Ndiyo sababu habari za sokwe wa Gombe hazikukatika. Mmoja wao, Hilali Matama, alikuwa ameona mwaka 1974 jambo ambalo hakuna aliyepata kuliandika kabla yake: madume wa kundi moja wakienda kimya kimya mpaka kwa jirani zao, wakimvamia dume mmoja na kumpiga hadi akabaki mahututi. Watu walizoea kusema sokwe ni wapole. Ilikuwapo karatasi iliyosema vingine.

Wana mpango mzuri wa majina, na ungefaa darasa letu. Mtoto hupewa jina linaloanza na herufi ya kwanza ya jina la mama yake. Flo alimzaa Fifi. Fifi alizaa Freud na Frodo. Gremlin alizaa mapacha mwaka 1998, wakaitwa Golden na Glitter. Ukiona herufi unajua ukoo. Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti moja la London lilitangaza kifo chake kama kinavyotangazwa cha mtu mkubwa. Mzee wa asali aliposikia hivyo alitikisa kichwa. "Mimi nikifa hata redio ya Kigoma haitasema," akasema, na mwongozaji ikabidi amwekee kidole mdomoni, maana tulikuwa bado karibu na sokwe.

Saa moja ilipita upesi. Tuliondoka wenyewe wakiwa bado wanakula. Tulipitia maporomoko ya maji ya Kakombe, mahali penye ubaridi na ukungu. Huko madume ya sokwe huonekana mara nyingine wakining'inia kwenye mizabibu ya mwitu na kuyumba mbele ya maji kama wanaocheza ngoma. Sisi hatukubahatika kuwaona. Tuliwaona siafu, na hao tuliwaona sana.

MAMA NA DAFTARI

Tulirudi saa nane. Mama alikuwa ndani ya kibanda chenye nyavu za chuma, anakula kiazi. Nyani wa Gombe hawaogopi mtu. Ukila nje wanakunyang'anya, kwa hiyo watu ndio wanaokaa kwenye kizimba na nyani wako nje wanawatazama. Alikuwa bado amekasirika kidogo, na ilikuwa haki yake.

Mzee wa asali alitoa daftari lake. Njia nzima alikuwa akiandika, nasi hatukujua. Mwandiko wake ni mkubwa, ukurasa mmoja maneno ishirini. Akamsomea mama taratibu, kidole kikifuata mstari: maganda meupe, alama za ngumi, unyasi, mchwa, mtoto na kijiti kinene. Mama aliacha kula. Alimkatiza mara kwa mara. "Unyasi alioutupa wa kwanza ulikuwa na kasoro gani?" Mzee akasoma: ulikuwa umepinda. "Aliulowesha kwa mate kwanza?" Mzee akatafuta ukurasa. Haikuandikwa. Sisi tuliokuwapo tukaanza kubishana, mmoja anasema ndiyo, mmoja hapana.

"Bibi yangu alikuwa akilowesha," akasema mama. "Mchwa hushika vizuri." Halafu akauliza, "Na alishika kwa mkono gani? Wa kulia au wa kushoto?"

Tulitazamana. Watu saba tulikaa mbele ya sokwe yule saa nzima, na hakuna aliyejua.

Mwongozaji alitoa daftari lake mfukoni akafungua. "Kushoto," akasema. Mama akaomba kalamu, akaliandika neno hilo mwenyewe katika daftari la mzee, pembeni ya ukurasa wa mchwa.